Ufa katika Gitaa na Litungu: Kosa la Fundi au la Hewa?

Mti ukishakatwa hufa, lakini mbao yake haitulii kamwe. Hata baada ya kukaushwa, kurandwa na kupakwa vanishi, huendelea kupokea maji kutoka hewani na kuyaachilia tena. Ikiyapokea hutanuka, ikiyaachilia hunywea. Mlango ukikwama wakati wa masika na kulegea wakati wa kiangazi, hakuna anayeshangaa. Lakini ala ya muziki ya thamani ikipasuka, lawama huanza mara moja: mwenye ala humlaumu fundi, naye fundi humlaumu mwenye ala. Sayansi yaweza kuwaamua.

Wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, zafaa sana kwa kulitafakari jambo hili. Huko ndiko kwenye litungu la Wakurya, ambalo wao wenyewe huliita iritungu: ala kubwa ya nyuzi nane, yenye bakuli la mti lililowambwa ngozi. Gitaa nalo limekwisha kuwa mwenyeji katika muziki wa dansi na katika makanisa. Miongoni mwa magitaa ya bei kubwa ni yale ambayo uso wake haukukunjwa kutoka ubao mwembamba, bali umechongwa ukabinuka kama tao, kwa mfano wa fidla. Gitaa la namna hiyo liitwalo L-5, lililotolewa na kampuni ya Gibson ya Marekani mwaka 1922, lilikuwa na matundu mawili ya sauti yenye umbo la herufi f, na limeigwa na mafundi wengi tangu hapo.

Maji ndani ya mbao

Mbao imejengwa kwa vijimrija virefu vilivyolala kufuata shina. Kuta za vijimrija hivyo ni za selulosi, nayo selulosi huvuta molekyuli za maji. Katika mti mbichi kuta hizo zimeshiba. Mbao ikikauka, maji yaliyomo ndani ya vijimrija hutoka kwanza, wala umbo halibadiliki. Unyevu ukishuka chini ya asilimia 30 hivi ya uzito wa mbao kavu, maji ya kwenye kuta zenyewe huanza kutoka, na hapo ndipo mbao inaponywea.

Kunywea huko si kwa usawa. Kwa urefu wa shina, mbao haipungui hata kidogo cha kutajika. Kwa upana, kutoka kiini kuelekea gome, hupungua zaidi. Na kwa kufuata duara za ukuaji hupungua karibu mara mbili ya hapo. Ndiyo sababu gogo lililoachwa juani hupasuka kutoka kiini kwenda nje: duara zake zataka kufupika kuliko kiini kinavyoziruhusu. Fundi anayechonga bakuli au ngoma kutoka gogo zima hana budi kulijua hilo. Akiutoa moyo wa gogo, akauacha ukuta mwembamba na kuukausha polepole kivulini, mbao hupata nafasi ya kunywea bila kujirarua.

Hesabu ya ufa

Tuchukue mfano wa uso wa gitaa wenye upana wa sentimita 40, uliochongwa kwa sprusi, mti laini wa nchi za baridi. Viwanda vingi hutengeneza magitaa katika vyumba ambavyo unyevuanga wake huwekwa kati ya asilimia 45 na 50. Katika hewa hiyo mbao hubaki na maji yapatayo asilimia 9 ya uzito wake. Gitaa likikaa majuma kadhaa katika hewa yenye unyevuanga wa asilimia 30, maji hayo hushuka hadi asilimia 6 hivi. Kila asilimia moja ya maji inayotoka hupunguza upana wa sprusi kwa takriban asilimia 0.13. Kwa hiyo uso wote wataka kupungua karibu milimita moja na nusu.

Milimita moja na nusu yaonekana kuwa si kitu. Lakini kingo za uso huo zimegandishwa kwa gundi kwenye mbavu, ambazo hazipungui kwa urefu wake. Tao huweza kushuka kidogo na kupunguza mvutano. Likishindwa, uso hupasuka kwa kufuata nyuzinyuzi za mbao, kwa kuwa huko ndiko kwenye udhaifu. Katika litungu mvutano mwingine huongezeka: ngozi nayo hukaza inapokauka, ikalivuta bakuli.

Yaweza kuulizwa: hewa ya Tarime, iliyo nyanda za juu karibu na Ziwa Viktoria, yawezaje kuwa kavu hivyo? Jibu limo katika joto. Hewa yenye nyuzi 20 za Selsiasi na unyevuanga wa asilimia 60, ikipashwa hadi nyuzi 32 bila kuondolewa hata tone moja la maji, unyevuanga wake hushuka hadi karibu asilimia 30. Chumba chenye paa la bati lisilo na dari chaweza kufanya kazi hiyo kila mchana wa kiangazi.

Dhamana husema nini?

Dhamana ya kiwanda kwa kawaida hufunika kasoro za mbao na za ufundi, tena kwa mnunuzi wa kwanza peke yake. Nyufa zilizoletwa na ukavu, joto au unyevu mwingi huachwa nje. Hivyo shauri zima hutegemea namna ya kuusoma ufa.

Ufa ulionyooka na kufuata nyuzinyuzi, hasa iwapo ncha za vyuma vya shingoni zimeanza kujitokeza pembeni, ni dalili ya ukavu: ubao wa shingo nao umenywea. Ufa unaojifumba wenyewe unyevu unaporudi huthibitisha hayo. Kiungo kilichoachana huku pande zote mbili zikiwa safi, bila alama ya gundi kushika, humwelekea fundi. Ila ukavu nao waweza kufungua kiungo dhaifu, na hapo kosa huwa la wawili.

Mwenye ala iliyopasuka asikimbilie gundi ya dukani ikaukayo papo hapo, kwani huuziba ufa kabla haujafumba na kumharibia kazi fundi wa baadaye. Alegeze nyuzi, apige picha, aandike tarehe pamoja na kipimo cha unyevuanga wa chumba, kisha amwarifu muuzaji kabla ya kutengeneza chochote. Baadaye ala irudishiwe unyevu polepole, kwa siku nyingi, hadi ufa ufumbe. Hapo fundi huugandisha, aghalabu kwa gundi ya ngozi, ambayo yaweza kufunguliwa tena kwa joto na unyevu, na kubandika ndani vipande vidogo vya mbao vinavyokatiza ufa. Ni maarifa yale yale ya anayeshona kibuyu kilichopasuka: kushika pande mbili kwa kukatiza mstari wa udhaifu.

Jaribio la darasani

Wanafunzi waweza kulithibitisha jambo hili bila gitaa. Wakate kipande chembamba cha mbao kwa kukatiza nyuzinyuzi, wakipime uzito na upana kila asubuhi na kila alasiri kwa mwezi mmoja, na kuandika pia vipimo vya kipimajoto kikavu na chenye utambi wa maji. Grafu itakayopatikana itaonyesha mbao ikifuata hewa, kwa kuchelewa kidogo. Mwenye ala aliye na daftari la namna hiyo hatabishana na muuzaji kwa maneno matupu. Tena huenda asipate haja ya kubishana, kwa kuwa atakuwa ameiona hewa ikikauka kabla mbao haijapasuka.