Utangulizi: Mti Uliovua Majani

Kabla hujafungua sura ya kwanza ya somo la mimea, msomaji wangu, toka nje. Ukiwa Kahawa Sukari, pita kuta zilizofunikwa na bogonvila, mgeni wa Brazil, utafute kiwanja ambacho bado hakijajengwa. Wakati wa kiangazi huenda ukakuta humo mti usio na jani hata moja, gome limepasuka kama kisigino cha mkulima, na huko juu matawi yamewaka mekundu. Wakikuyu huuita muhuti. Kwa Kiswahili ni mwamba-ngoma.

Wanafunzi wangu hukimbilia jina la Kilatini, Erythrina abyssinica, yaani nyekundu ya Uhabeshi. Subiri kwanza. Chuma ua moja, ulichane kwa ukucha. Kikombe chake kina ncha ndefu nyembamba mithili ya nyuzi, na petali kubwa imejikunja kuwa mrija. Nyuki hauoni wekundu sawasawa. Ndege chozi anauona toka mbali, na mti uliovua majani hauna cha kumficha. Akichovya mdomo wake mrefu, anaondoka na chavua kichwani.

Ganda likipasuka hutoa mbegu nyekundu zenye baka jeusi, ambazo watu huzitunga shanga. Zikisagwa zina sumu ya kulegeza misuli, ndugu ya ile ambayo wawindaji wa Amerika Kusini hupaka mishale yao. Usijaribu.

Mwamba ngoma, ngozi huvutia kwake, na wataalamu ndivyo tulivyo. Wa udongo atakushika mkono akuonyeshe vifundo vya mizizi, vyenye bakteria wanaonasa naitrojeni ya hewani. Wa dawa haondoki kwenye gome. Mchongaji, ambaye hakuhitaji digrii, anaujua wepesi wa mbao zake. Mimi navutia kwenye hifadhi ya mimea iliyokaushwa, iliyoanzia Amani, Tanganyika, enzi za Wajerumani mwaka 1902, ikahamia Nairobi 1950. Orodha kamili ya mimea ya Kenya, Uganda na Tanzania ilianza kuchapishwa 1952, ikakamilika 2012: miaka 60, spishi zaidi ya 12,000. Walioianza wengi wao hawakuiona ikiisha.

Muhuti umo katika orodha hiyo. Kiwanjani, hata hivyo, huenda tayari pana kibao cha "Kinauzwa". Basi omba ruhusa, kata tawi nene kama mkono, ulichomeke ardhini mvua za masika zikianza. Hushika.