Fahamu: Kujiandaa kwa Faragha ya Tiba ya Iodini Nunurifu

Mgonjwa wa saratani ya tezi ya shingo atokaye Nyeri, Karatina au Nanyuki, akiisha kupasuliwa, aghalabu huelekezwa Nairobi kumeza iodini nunurifu, kisha akakaa pekee chumbani siku mbili tatu hata miale itokayo mwilini mwake ipungue.

Tiba hii, iliyoanza Boston mwaka 1941, hutegemea tabia ya tezi hiyo ya kuivuta iodini kuliko kiungo chochote. Ndiyo sababu matabibu humwamuru mgonjwa aipunguze katika chakula wiki moja au mbili kabla, ili seli zilizosalia ziwe na njaa nayo. Hapa pana taabu, kwa kuwa chumvi ya madukani Kenya hutiwa iodini kwa sheria ili kuzuia rovu. Basi githeri na viazi vyafaa sana, illa vipikwe bila chumvi hiyo, na chai inywewe kavu.

Mama anyonyeshaye sharti amwachishe mtoto wiki 6 kabla. Nguo zichukuliwe chache, maana huenda zikazuiliwa hospitalini kwa kushika unurifu.

Linalonishughulisha zaidi ni safari ya kurudi: nguvu ya iodini 131, ndiyo hiyo nunurifu, hupungua nusu kila siku 8, na kubanana katika matatu ubavuni mwa mja mzito au mtoto mchanga ni hatari isiyo ya lazima, kwa hiyo aila na ichange mapema nauli ya gari la peke yake, mgonjwa aketi nyuma, mbali na dereva, na nyumbani alale chumba chake kwa muda atakaoamriwa na tabibu.