Kiu iliyouzaa upya msitu wa Tijuca

MGENI anayepanda mlima Corcovado kuitazama sanamu ya Kristo mjini Rio de Janeiro, Brazil, hupita katikati ya msitu mzito. Ni rahisi kudhani kuwa miti hiyo imekuwapo tangu jadi. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya msitu huo ilipandwa kwa mikono au ilichipuka upya, baada ya milima hiyo kufyekwa na kuachwa karibu uchi.

Msitu huo ndio Mbuga ya Taifa ya Tijuca. Ina ukubwa wa takriban hekta 3,950 na imezingirwa na mji wenye wakazi zaidi ya milioni sita. Kilele chake kirefu zaidi kina kimo cha mita 1,021.

Masaibu ya milima hiyo yaliletwa na kahawa. Mapema katika karne ya 19, wenye mashamba walifyeka miteremko na kupanda mikahawa, huku miti mingine ikikatwa kwa mbao na makaa. Katika msitu, majani yaliyooza na mizizi hufyonza maji ya mvua na kuyaachilia polepole kwenye chemchemi. Miti ilipotoweka, mvua ilibeba udongo mabondeni, na vijito vilivyokuwa vikiunywesha mji vikaanza kukauka.

Ukame wa mara kwa mara kati ya miaka ya 1820 na 1840 uliifanya serikali izinduke. Ilianza kutwaa ardhi yenye chemchemi kutoka kwa wamiliki, na mnamo Desemba 1861, wakati wa utawala wa Kaizari Pedro wa Pili, ikaagiza msitu urejeshwe.

Kazi hiyo alikabidhiwa Meja Manuel Gomes Archer, aliyeianza mwaka wa 1862. Hakupanda mti wa aina moja, bali alichanganya aina nyingi, hasa za asili, zilizotolewa katika misitu iliyosalia jirani. Katika muda wa miaka 13, makumi ya maelfu ya miche yalipandwa.

Hata hivyo, si Meja aliyeshika jembe. Walioanza kazi hiyo walikuwa watumwa sita: Eleutério, Constantino, Manuel, Mateus, Leopoldo na Maria. Kwa muda mrefu sifa zote zilimwendea msimamizi wao. Utumwa ulikomeshwa nchini Brazil mwaka wa 1888, zaidi ya robo karne baada ya miche ya kwanza kutiwa ardhini.

Aliyempokea Archer mwaka wa 1874, Baroni d'Escragnolle, aliendelea kupanda miti na kuongeza njia, vidimbwi na mahali pa kupumzikia. Baadaye msitu ulisahauliwa, hadi ulipokarabatiwa kuanzia mwaka wa 1943. Mwaka wa 1961 ulitangazwa kuwa mbuga ya taifa, na mwaka wa 1967 mbuga hiyo ikapewa jina la Tijuca.

Lakini miti peke yake haikutosha. Wanyama wengi walikuwa wameangamizwa kwa uwindaji na kupotea kwa makao yao, na mbegu kubwa zikakosa wa kuzisambaza. Ndiyo sababu tangu mwaka wa 2010 wataalamu wamekuwa wakimrejesha aguti, mnyama mdogo mgugunaji anayefukia mbegu ardhini na kuzisahau nyingine, zikaota. Mwaka wa 2015 walifuatia tumbili wenye sauti ya kunguruma. Wakati huohuo, mfenesi, mti ulioletwa kutoka Asia, umeenea mno na kuisonga miti ya asili, hivi kwamba imebidi upunguzwe.

Leo maji mengi ya Rio hutoka mto Guandu, ulio nje ya mji. Faida ya msitu haijakoma kwa sababu hiyo: hupunguza joto na kuishikilia miteremko isiporomoke mvua kubwa inaponyesha.

Milima hiyo ilifyekwa kwa miongo michache tu. Kuirekebisha kumechukua zaidi ya miaka 150, na kazi iliyoanzishwa na mikono ya watu sita wasio huru bado haijakamilika.