Piga picha ya duka la zamani kabla halijabomolewa

Maduka ya zamani ya Busia na Malaba, yale yenye baraza mbele na paa la mabati, yanazidi kupungua huku ghorofa zikichukua nafasi yake. Sheria ya Makavazi na Turathi za Kitaifa ya 2006 inaweza kulinda jengo la umri wowote, mradi litangazwe rasmi. Lisipotangazwa likabomolewa, kinachobaki ni picha, kama ipo.

Simu yako yatosha. Mjini Busia mpaka uko magharibi, kwa hiyo ukitazama upande wa Uganda asubuhi, jua huwa mgongoni mwako. Rudi nyuma hadi jengo zima lienee, na usiinue simu kwa kuilaza, kuta zitaonekana kama zinaanguka. Kisha sogea karibu: mlango wa mbao, nguzo za baraza, mwaka ulioandikwa ukutani.

Usisubiri barabara iwe tupu. Neno boda boda lilitokana na baiskeli zilizovusha abiria mpakani hapa. Mtaa wa Busia usio na baiskeli wala mkokoteni si Busia.

Malaba ina reli, ile iliyofika Kampala mwaka 1931. Kwa stesheni, forodha, uhamiaji na polisi, omba ruhusa ya afisa kwanza. Mwenye duka naye aombwe, na akikataa, mshukuru uende.

Siku hiyo hiyo andika tarehe, mtaa na matumizi ya jengo. Nani alilijenga? Muulize mzee wa jirani.