Tochi ya lumeni laki moja na mlango wa mwamba

Agosti mwaka jana, usiku wa giza totoro mwezi ukiwa haujaandama, nilisimama ufuoni kijijini kwetu, Kwale, na tochi kubwa mkononi nikimngoja binamu yangu na wenzake watatu warudi na mashua. Kusi ilikuwa kali kuliko walivyotarajia. Maji yalikuwa yanakupwa, na wenyeji twajua kwamba saa hizo mlango wa kuingilia ndani ya mwamba hubaki mwembamba, chombo hupita na nafasi ya pima mbili tatu tu kila upande. Kazi yangu ilikuwa moja tu, kumulika.

Tochi yenyewe niliinunua Mombasa kwa shilingi 3,800. Kisanduku chake kiliandikwa lumeni 100,000 na umbali wa kilomita 3. Muuzaji aliniwashia mchana, ndani ya duka, ikanichoma macho, nami nikaridhika. Usiku ule iliwaka vizuri dakika kumi hivi za mwanzo. Binamu alinieleza baadaye kwamba waliiona kutoka mbali na wakaelekeza omo huku. Walipofika karibu na mwamba, mwanga ulikuwa umenywea kama kibatari, na mimi niliyeishika sikung'amua mpaka niliposikia makelele. Mashua ilipanda mwamba. Alhamdulillahi hakuna aliyeumia, lakini shikio lilivunjika, ubao mmoja ukapasuka, na jarife likararuka vibaya. Walikaa pale hadi maji yalipojaa alfajiri.

Tangu hapo nimekuwa mtu wa tochi. Nimesoma, nimepima, nimewasumbua mafundi. Na kwa kuwa tochi kama ile bado zinauzwa kila kona, hebu nikueleze ndugu msomaji jinsi ya kuipima kabla hujamkabidhi mtu wako anayekwenda baharini.

Tuanze na hiyo laki moja. Lumeni ni kipimo cha mwanga wote unaotoka kwenye taa, popote unapoelekea. Balbu ya zamani ya waya, ile ya wati 60, ilitoa lumeni 800 hivi. Kwa hivyo lumeni laki moja ni kama balbu 125 zimewashwa kwa pamoja. Taa ya LED ni hodari zaidi ya balbu hiyo, maana kwa kila wati moja ya umeme hutoa lumeni 100 hivi, nyingine hufika 150. Piga hesabu mwenyewe: lumeni laki moja zataka wati elfu moja, au tuseme mia saba ukiwa na LED nzuri sana. Wati elfu moja ni pasi ya stima. Pasi haishikiki kwa kiganja wala haiwaki kwa betri tatu.

Betri nazo nilizitoa nikaziangalia. Zilikuwa tatu, za aina iitwayo 18650, yaani upana wa milimita 18 na urefu wa milimita 65. Kila moja imeandikwa miliampea-saa 9,900. Hata zilizo bora kabisa za ukubwa huo hazifiki nusu ya namba hiyo. Nilizipeleka kwa jirani yangu sonara azitie kwenye mizani yake ya dhahabu. Zilikuwa na gramu 29 kila moja, na betri halisi ya aina hiyo huwa na gramu 45 au zaidi. Alicheka, akaniambia dhahabu ya namna hii yeye huirudisha. Fundi wa simu alizijaza, akazimwaga kwa kifaa chake na kupata 1,100 tu. Ukizidisha zote tatu, umeme uliomo ni kama wati 12 kwa muda wa saa moja. Tochi ya wati elfu moja ingeumaliza kwa muda usiofika dakika moja. Kwa hiyo haikuwa na laki moja hata dakika ya kwanza ile, na mwanga mdogo iliokuwa nao haukuwa na akiba nyuma yake.

Sasa umbali. Kuna kiwango cha kupima tochi kilichotolewa Marekani mwaka 2009, kiitwacho FL1, na watengenezaji waaminifu wengi hukitumia. Kwa kiwango hicho, umbali wa tochi ni mahali ambapo mwanga wake umepungua ukawa sawa na mbalamwezi ya mwezi mpevu. Hebu fikiria. Kisanduku kikisema mita 500, maana yake ni kwamba kitu kilicho mita 500 utakiona kama uonavyo kitu usiku wa mwezi kumi na nne. Utajua kuna chombo pale, hutajua ni cha nani. Ukitaka kumtambua mtu au kuona jiwe ndani ya povu, gawa namba hiyo kwa mbili au tatu. Kwa nusu ya umbali mwanga huwa mara nne, kwa thuluthi huwa mara tisa.

Na umbali hautegemei lumeni peke yake. Hutegemea pia jinsi mwanga ulivyokusanywa. Tazama bakuli la kung'aa lililozunguka taa. Likiwa pana, lenye kina na laini kama kioo, mwanga hukusanyika na kwenda mbali. Likiwa na vinundu kama ganda la chungwa, mwanga husambaa. Huo wafaa kutengenezea nyavu au kutafuta mbuzi shambani. Tochi mbili za lumeni sawa zaweza kupitana mara tatu kwa umbali.

Muda ndio uliotuangusha, na hapa hata watengenezaji waaminifu wana ujanja wao. Kiwango hichohicho cha FL1 kinahesabu muda mpaka mwanga ubaki asilimia 10 ya ule wa mwanzo. Kwa hiyo "saa 4" haina maana ya saa nne za mwanga uliouona dukani.

Tochi niliyoinunua baadaye, kwa pesa mara tatu ya ile ya kwanza, imeandikwa lumeni 3,000, mita 500 na saa 4. Niliipima nyumbani. Chumba chenye giza, tochi imesimamishwa kuelekea dari nyeupe, na simu mezani ikiwa na programu ya kupimia mwanga, isiguswe wala kusogezwa. Mwanzo simu ilisoma 400. Baada ya dakika tatu ilikuwa 150, kwa sababu tochi ilikuwa imepata moto na ikajipunguza yenyewe isiungue. Haikosei hapo, na tochi ndogo ya nguvu nyingi isiyojipunguza ndiyo ya kuogopwa. Ilibaki kwenye 150 kwa karibu saa mbili, kisha ikashuka hadi 60, na ilipotimia saa nne ilikuwa inakaribia 40. Kisanduku hakikudanganya, ila tochi ninayoitegemea mimi ni ile ya 150 kwa saa mbili.

Usipime kwa jicho. Jicho huzoea mwanga unaopungua polepole, na mwanga ukishuka nusu huenda usitambue kabisa. Ndivyo nilivyosimama ufuoni nikidhani bado namulika.

Jaribio la pili nililifanya ufuoni maji yakiwa yamekupwa. Mpwa wangu alitembea akihesabu hatua, kavaa jaketi la kuokolea lenye utepe wa kung'aa. Mwili wake ulinipotea kwenye mita 200 hivi, lakini utepe ulizidi kunirudishia mwanga hadi alipochoka kutembea. Tangu siku hiyo binamu ameshona utepe kwenye mlingoti na ubavuni mwa mashua, na gharama yake ni ndogo kuliko betri moja.

Mvua ya rasharasha ni habari nyingine. Mwanga mweupe sana, wenye ubuluu, hupiga matone na kukurudia usoni ukaona ukuta mweupe tu. Mwanga wa manjano kidogo wasumbua kiasi. Kama duka lina aina zote mbili, chukua wenye umanjano.

Kuhusu maji, tafuta alama ya IPX7, yaani kifaa kimezamishwa mita moja kwa nusu saa kikasalimika. Mimi niliitumbukiza yangu kwenye ndoo nusu saa kisha nikatazama kama kuna mvuke nyuma ya kioo. Lakini alama hiyo haihusu chumvi. Kila ikitoka baharini isuuze kwa maji matamu, uikaushe, na mpira ule wa kwenye nyuzi za kifuniko uupake grisi ya silikoni. Mafuta ya nazi usipake.

Halafu chaji. Betri za lithiamu za uongo ni hatari zaidi zikiwa nyumbani kuliko zikiwa baharini. Usiichaji usiku umelala, usiiweke kitandani, na tafadhali sana isiwe chini ya paa la makuti. Weka juu ya saruji, uwe macho.

Nilipomweleza mjomba haya yote, yeye aliyekuwa nahodha miaka mingi, alinisikiliza mpaka mwisho kisha akaniuliza: "Na usiku ule ulikuwa ukimulika wapi?" Nikamwambia, kwenye mashua. Akatikisa kichwa. Alisema ningekuwa na tochi nzuri ningewapofusha kabisa. Jicho lililozoea giza likipigwa na mwanga mkali huchukua dakika ishirini au thelathini kurudi lilivyokuwa, na nahodha aliye mlangoni hana dakika hizo. Kwa maneno yake, nahodha hataki mwanga machoni, ataka alama. Akanifundisha kuweka taa mbili za kawaida, moja ufuoni chini na nyingine nyuma yake juu zaidi, zikiwa zimelingana na mlango. Nahodha akiziona zimepandana moja juu ya nyingine, yuko katikati. Zikiachana, anajua ageuze upande gani.

Tumeshachimbia miti miwili ya taa hizo. Tochi kubwa sasa hukaa ndani ya mashua, kwenye mfuko mkavu, kwa ajili ya kutafutia maboya na kupigia ishara ya hatari: fupi tatu, ndefu tatu, fupi tatu. Ya laki moja bado ninayo. Mpwa wangu huitumia kwendea chooni, na hata huko huipigapiga kofi ndipo iwake.