Milola: Fedha za Februari ndizo zinunuazo ufuta wa Juni

MFANYABIASHARA wa Kariakoo anayeshughulika na ufuta wa Lindi huanza kuuliza bei mwezi Juni, minada inapofunguliwa. Mkulima wa Milola huwa ameshauliza lake mapema zaidi, mwezi Februari: nani ana fedha za kukopesha? Anayeelewa umbali wa miezi minne uliopo kati ya maswali hayo mawili ameielewa biashara ya Milola. Asiyeuelewa atakwenda na lori, na huenda akarudi na lori tupu.

Milola ni kata ya wakulima iliyoko upande wa bara wa mji wa Lindi, njia ya Rutamba. Imo katika jimbo la Mchinga, na kwa mpangilio wa siku hizi iko chini ya Manispaa ya Lindi. Msomaji asidanganywe na neno manispaa. Watu wa huko wanaishi kwa jembe. Hii ni nchi ya Wamwera, waliochanganyika na Wamakonde na Wamachinga wa mwambao. Jina la hao wa mwisho ndilo linalohusishwa na vijana wachuuzi waliojaa mitaa ya Dar es Salaam, wengi wao wakitoka kusini.

Mazao ya fedha ni mawili, ufuta na korosho. Ufuta hupandwa kwa mvua za mwanzoni mwa mwaka, hukatwa kuanzia Mei, hufungwa matita na kusimamishwa ukauke, kisha hukung'utwa juu ya turubai. Ukichelewa kuukata, vitumba hupasuka na mbegu humwagika shambani. Korosho huokotwa kuanzia Septemba au Oktoba hadi mwisho wa mwaka. Kwa hiyo kuanzia Januari hadi Mei haingii senti ya zao lolote, na hiyo ndiyo miezi ya kupalilia, ya ada za shule na ya ghala la chakula kukauka.

Hapo ndipo huingia kangomba, au chomachoma kama inavyoitwa kwenye ufuta. Mwenye fedha humpa mkulima kiasi fulani, na mkulima huahidi kulipa kwa kilo wakati wa mavuno. Serikali imeupiga marufuku ununuzi huo na mara kwa mara watu hukamatwa, lakini njaa ya Februari haisomi tangazo.

Tuchukue mfano wa hesabu tu. Mkulima anapewa Sh. 50,000 mwezi Februari kwa ahadi ya kilo 50. Tuseme mnada wa Juni unafunguliwa kwa Sh. 2,500 kwa kilo na makato yote ni Sh. 200. Kilo zile 50 zingempa Sh. 115,000. Amelipa riba ya Sh. 65,000 kwa mkopo wa miezi minne, yaani asilimia 130. Hakuna benki inayothubutu kutoza hivyo. Lakini pia hakuna benki inayokopesha Sh. 50,000 za unga na dawa kwa mtu ambaye dhamana yake ni ufuta uliofika magotini.

Ufuta wenyewe si zao geni katika mwambao huu. Katika karne ya 19 wafanyabiashara wa Kifaransa walikuwa wakinunua ufuta wa Afrika Mashariki kupitia Zanzibar na kuupeleka Marseilles kukamuliwa mafuta. Mkulima hakuijua Marseilles. Alimjua mchukuzi na tajiri wa bandarini. Utawala wa Kijerumani ulileta kodi na kazi za kulazimishwa, na mwaka 1905 Vita vya Maji Maji vikafika huku. Misheni ya Nyangao ilichomwa moto mwezi Agosti mwaka huo. Baada ya vita ikaja njaa iliyoua wengi.

Waingereza nao walikuja na karanga. Mradi wao ulioanza 1947 ulifyeka mapori ya Nachingwea, ukala takriban paundi milioni 36 na kuachwa mwaka 1951. Karanga hazikupatikana za maana, ila mradi ulijenga bandari ya kina kirefu Mtwara, na kuanzia hapo Lindi ikabaki nyuma. Reli iliyojengwa kwa ajili ya mradi iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mzigo wa Lindi ukategemea barabara, na barabara ya Dar es Salaam ilikatwa na mto Rufiji, ambako malori yalipanga foleni kusubiri kivuko cha Ndundu. Kila siku ya kusubiri ilimkuta mkulima kwenye bei. Daraja la Mkapa lilifunguliwa mwaka 2003, na safu hii haioni jambo jingine lililoigusa bei ya mazao ya Lindi kuliko hilo, pamoja na kelele zote za soko huria.

Korosho ina mkasa wake. Nchi ilivuna takriban tani 145,000 msimu wa 1973/74. Kisha watu walihamishiwa kwenye vijiji, mikorosho ikabaki mahame, bei ya serikali ikawa ndogo na ugonjwa wa ubwiriunga ukaingia. Katikati ya miaka ya 1980 mavuno yalianguka chini ya tani 20,000. Biashara ilifunguliwa kwa watu binafsi mwanzoni mwa miaka ya 1990, na mwaka 2007 ukaja mfumo wa stakabadhi ghalani, ambao baadaye uliingizwa pia kwenye ufuta. Mkulima hupeleka mzigo chama cha msingi, hupimiwa, mzigo huenda ghala kuu, na wanunuzi hushindana mnadani. Tangu 2024 minada ya ufuta imekuwa ikipitia mtandao wa Soko la Bidhaa Tanzania.

Mfumo huu umemwondolea mkulima mizani ya uongo, na hilo si dogo. Lakini unamlipa baada ya mavuno. Haukugusa Februari. Msimu wa 2018/19 ulilionyesha hilo waziwazi: wanunuzi walipotoa bei ndogo, serikali iliagiza jeshi likusanye korosho kwa Sh. 3,300 kwa kilo, na malipo yakatanguliwa na uhakiki wa nani ana shamba kweli. Wa kangomba walikwama na magunia. Wakulima halali nao wengi walisubiri fedha kwa miezi, na waliosubiri wakakopa upya.

Kuna gharama nyingine isiyoandikwa kwenye stakabadhi yoyote. Mahindi na mpunga vikianza kukomaa, nguruwe pori huingia usiku, na familia huhama kijijini kwenda kulala shambani, kwenye dungu. Nguruwe huvuta simba. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 ulihesabu watu wasiopungua 563 waliouawa na simba Tanzania tangu 1990 hadi 2004; Lindi na Rufiji ndizo zilizoumizwa zaidi, na matukio mengi yalikuwa ya msimu wa mavuno. Mwenye duka anayeshangaa kwa nini vijiji vya Lindi vimepooza mwezi Machi ajue wateja wako madunguni.

Ikifika Julai mambo hugeuka. Mabati, pikipiki, simu na kanga hutoka kwa wingi, na sherehe za jando na unyago humaliza mchele madukani. Wachuuzi wa mjini huzifuata fedha hizo, kisha huondoka nazo.

Kwa mwenye mtaji mdogo, ushauri wa safu hii ni kuacha kukimbilia ufuta wenyewe, ambao unagombewa na makampuni yenye mifuko mirefu. Mahindi hununuliwa kwa bei nafuu baada ya mavuno. Atakayeyahifadhi vizuri na kuyauza Milola mwezi Februari kwa bei ya haki hatavunja sheria yoyote, na atamwepusha mteja wake na kangomba. Turubai safi nazo zinahitajika, kwa sababu ufuta wenye mchanga hushushiwa daraja ghalani. Vikundi vya kuweka na kukopa vikifungua daftari mwezi Julai badala ya Januari vitakuwa na cha kukopesha.

Hatari ni barabara. Mwezi Mei 2024, mvua zilizoandamana na Kimbunga Hidaya zilikata barabara ya Dar es Salaam–Lindi eneo la Somanga, na malori yakalala njiani kwa siku kadhaa. Mwenye mzigo na aweke akiba ya wiki moja katika hesabu zake, na asiahidi meli ya mwanzo wa Juni.