Ndoana Hutolewa kwa Kusukumwa, si kwa Kuvutwa

Haupiti mwezi ila hujiwa na mtu, aghalabu kijana aliyeanza kuvua mshipi hivi karibuni, akaniuliza yale yale waliyoniuliza wenziwe kabla yake: ni chombo gani cha kutolea ndoana kinywani mwa samaki kilicho rahisi bei, lakini chenye nguvu za kutosha za kuvutia? Kwa habari ya bei simlaumu hata kidogo, maana mshipi ni uvuvi wa watu wa kipato kidogo, na kila shilingi inunuayo zana imetolewa katika posho ya nyumbani. Bali hayo ya mwisho, ya nguvu za kuvutia, ndiyo yanikirihishayo, kwa kuwa madhali muulizaji ameyashikilia, hapana chombo duniani, cha rahisi wala cha ghali, kitakachomfaa.

Itikadi yenyewe nimeisikia katika bandari nyingi za mwambao wetu, nayo husema kwamba ndoana, maadamu imefungwa kwenye mshipi, basi hutolewa kwa mshipi huo huo, na ikikaidi huongezewa nguvu: mmoja humkandamiza samaki chini ya unyayo, wa pili hujizungushia mshipi mkononi, wakavuta hata kitu kimojawapo kikubali, ama nyama, ama mshipi, ama ndoana. Kisha kinapotoka kipande cha utumbo kimening'inia kwenye ncha, husemwa kuwa kazi imekwisha vyema. Hiyo si kazi iliyokwisha. Hiyo ni hasara iliyofanywa kwa jasho jingi, na wanaoitetea kwa hoja ya kwamba ndivyo walivyofanya wazee wanawasingizia wazee, maana fundi wa mshipi aliyekomaa hutazamwa vidole vyake, si misuli yake.

Itwae ndoana moja uitazame kwa makini. Juu lipo jicho, ndipo upitapo mshipi, likashuka shina, likafuata kunjo, na baada ya kunjo, ncha, ambayo haielekei chini wala pembeni, bali imegeuka juu, kumtazama yule yule avutaye mshipi. Kwa hiyo kila uvutapo, nguvu ya mkono wako hupita shinani, ikazunguka kunjoni, ikaifanya ncha isonge mbele na kuzama zaidi katika nyama. Hivyo ndivyo ndoana ilivyoundwa, na ndivyo ilivyomnasa samaki hapo mwanzo. Mtu aivutaye ili aitoe anairudia kazi ile ile ya kunasa, tena kwa bidii kubwa zaidi kuliko mara ya kwanza, naye hustaajabu kuiona haitoki!

Ama kile kijino kidogo kilicho nyuma ya ncha, kiliwekwa pale kuizuia ncha isirudi ilikotoka, nacho hufanya kazi kama mlango wa dema, ambao samaki huupita kwa wepesi akiingia na hauoni tena akitaka kutoka. Walakini kijino kina udhaifu wake: kikirudishwa kwa unyofu katika tundu lile lile kililolipasua, hakina nyama mpya ya kushika. Kinachokipa nguvu ni kupindapinda, kutikisatikisa na kuvuta upande, kwani hapo kila mzunguko hukifungulia mahali papya pa kung'ang'ania.

Na madhara ya kuvuta hayako mdomoni tu. Moyo wa samaki haumo tumboni kama wengi wadhanivyo. Umo mbele, chini ya koo, karibu sana na mashavu ya kupumulia, nayo mashavu hayo yamejaa damu. Ndoana iliyomezwa hata koo, ikivutwa kwa nguvu, hupita jirani na viungo ambavyo vikichanika hapana uhai tena. Mwaka 1967 watafiti wa Kimarekani, Mason na Hunt, walichapisha habari za majaribio yao juu ya samaki aina ya trauti waliomeza ndoana: katika wale waliotolewa ndoana walikufa karibu wote, ilhali katika wale waliokatiwa mshipi na ndoana kuachwa ndani walikufa takriban thuluthi. Wala si hao tu walioliona jambo hili. Uchunguzi mwingine uliofuata, juu ya samaki wengine, umeelekea upande huo huo.

Najua jawabu nitakalopewa: samaki wangu simrudishi baharini, mimi namla, basi kufa kwake kwanihusu nini? Nasema kwakuhusu kwa mambo mengi. Kwanza, si kila kinachopanda kwenye mshipi ni chako: yuko mtoto wa chewa ambaye insafu yataka arudi akakue, yuko na kasa, ambaye sheria haikuruhusu kumchukua. Pili, tumbo likipasuliwa kwa ndani, uchafu wake humwagika juu ya nyama, na katika jua letu nyama hiyo huanza kuharibika kabla mashua haijageuza tanga kurudi. Tatu, ndoana iliyovutwa hata ikafyatuka haina adabu. Huruka na kumwangukia aliye karibu, mkononi au, Mungu apishe mbali, jichoni. Nne, mshipi uliozungushwa kiganjani hukata kama wembe. Na nguru au mzia mwenye meno yale hapaswi kuonyeshwa vidole vya mtu hata akidhaniwa amekwisha kufa.

Sasa tazama inavyofanywa. Mchukue changu aliyenaswa pembeni mwa mdomo. Mshike kwa kitambaa kilichotota maji ya bahari, ukiilaza miba ya mgongoni kwa kupitisha kiganja kutoka kichwani kwenda mkiani, maana kiganja kikipita kinyume kitatobolewa. Legeza mshipi. Peleka koleo hata kwenye kunjo, ubane hapo, si jichoni wala katikati ya shina. Kisha sukuma, kuelekea kule kule samaki alikokuwa akiivutia ndoana, kwa mwendo mfupi ulionyoka. Utaiona nyama iliyokuwa imekazana ikilegea, nayo ncha ikarudi nyuma kwa njia yake. Hapo ndipo ugeuze kifundo cha mkono kidogo, kuufuata mviringo wa kunjo, na ndoana iko nje. Mwenye mazoea hamalizi pumzi mbili katika kazi hii, na mdomo wa changu hubaki na tundu lisilozidi unene wa ndoana yenyewe.

Ukiisha kulifahamu hilo, swali la chombo hujijibu. Chombo kifaacho ni kile kiwezacho kufika kwenye kunjo, kulishika au kulikalia, na kulisukuma. Kisichoweza haya hakifai, kiwe cha shilingi ngapi. Kuwa na chombo cha namna hiyo si jambo la anasa, maana nchini Marekani tangu mwaka 2008 wavuao samaki wa miambani katika Ghuba ya Mexico wamelazimishwa kwa sheria kuwa na chombo cha kutolea ndoana ndani ya mashua zao.

Basi machaguo ni haya. Kwa samaki wa kadiri, wa mwambani, nunua koleo la mdomo mrefu, lile lile watumialo mafundi wa umeme. Dukani lifumbe, uliinue kwenye mwanga, na ukiona mwanga wapenya nchani lirudishe, kisha libane uzi wa nguo na uvute: uzi ukiponyoka, ndoana nayo itaponyoka. Usilipe ziada kwa ajili ya rangi wala mpira wa mpinini. Kwa samaki wadogo, kama vibua, wanaovuliwa kwa ndoana nyembamba, kinatosha kijiti cha plastiki chenye mwanya nchani: tia mshipi mwanyani, uukaze, teremsha kijiti hata kikae kunjoni, sukuma. Hiki ndicho rahisi kuliko vyote vya dukani. Kwa samaki wazito, na hasa wenye meno au miba kama hongwe, tumia waya mnene uliopindwa nchani mfano wa herufi J na kutiwa mpini wa mti, ambao fundi yeyote wa vyuma atakupindia: uteremshe juu ya mshipi hata kunjoni, kisha mkono wa waya upande na mkono wa mshipi ushuke, ndoana igeuke ncha chini, na uzito wa samaki utamvua wenyewe bila ya wewe kumgusa. Vibanio vya daktari vya kufungia mshipa wa damu ni vizuri kwa ndoana ndogo, lakini hupindika kwa kubwa. Usivitarajie zaidi ya hapo.

Aliyemeza hata tumboni usimshughulikie kwa chombo chochote. Akiwa wa kurudishwa, kata mshipi karibu na mdomo uwezavyo, umwache aende. Akiwa wa kuliwa, kata vile vile, funga ndoana nyingine uendelee kuvua, na ile utaitoa samaki atakapopasuliwa. Ila mtie alama, umwambie na atakayemwosha, kwani ndoana iliyosahauliwa ndani ya samaki mwisho wake ni koo la mtu.

Ikiingia kidoleni mwako hata kijino kikazama, usiivute kwa kanuni ile ile niliyokwisha kuibatilisha. Kata mshipi, nenda zahanati, na uulize habari ya sindano ya pepopunda. Ikiingia karibu na jicho usiiguse kabisa: funika bila ya kukandamiza, na hima hospitali.

Chombo chochote ununuacho, kisuuze kwa maji baridi yasiyo na chumvi kila urudipo, ukikaushe, na kwenye kiungio utie tone la mafuta ya cherehani. Hata kile kiitwacho chuma kisichoshika kutu hutobolewa na chumvi kikiachwa na unyevu wa bahari usiku kucha, na koleo rahisi lililotunzwa hulizidi la ghali lililopuuzwa.

Na mwenye kuvua kwa burudani, au penye samaki wengi wa kurudishwa, afanye jambo moja zaidi kabla ya kutia chambo: alitwae koleo hilo hilo, akibane kijino cha ndoana hata kilale juu ya shina la ncha. Baada ya hapo sharti mshipi usilegee tangu samaki anaswe hata apande, na akiulegeza atampoteza. Kwa mwenye kutegemea kila samaki kwa chakula cha jioni siwezi kumlazimisha hasara hiyo, na kijino chake akiache. Lakini wawili hao wote, wa burudani na wa riziki, wafikapo kwenye kunjo wasukume.